Nauza kila siku, hela siioni

SWALI

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi salamu za kazi.

Nipo Mwanza, nina watoto watatu, nauza mitumba ya watoto pale Mlango Mmoja. Nilianza mwezi wa sita kwa mtaji wa 600,000 ambao kaka yangu alinipa baada ya kuuza mpunga. Tangu hapo nimefungua belo nne, yaani marobota ya nguo, kila moja hunichukua kama wiki tatu kulimaliza, na la tano ndilo liko mezani sasa hivi. Shida ni kwamba hili la tano nimelinunua kwa mkopo wa kikoba. Mtaji wangu wa mwanzo sijui umekwenda wapi. Sinywi, sijanunua hata kitenge, na sijamkopesha mtu.

Mume wangu anaendesha bajaji. Yeye anachokiona ni kwamba nauza. Akipita mchana anakuta kina mama wamejaa mezani, jioni simu yangu inaingia ujumbe wa lipa namba mfululizo. Nikimwambia sina hela ya gesi ananiangalia tu. Juzi aliniuliza, tena mbele ya mdogo wake, kama kuna mtu ninamjengea nyumba. Niliumia sana, dada.

Najua utaniuliza hesabu, kwa hiyo nakupa za belo la nne kama nilivyoandika kwenye daftari. Belo nilinunua 520,000, usafiri na wabebaji 20,000. Siku ya kufungua niliuza 255,000, maana kamera zote, zile nguo kali za daraja la kwanza, ziliondoka kabla ya saa sita. Wiki ya kwanza nzima, pamoja na siku hiyo, niliuza 520,000. Wiki ya pili 210,000. Wiki ya tatu nilikuwa napanga mafungu ya buku (1,000) na jero (500), nikapata 110,000. Jumla 840,000. Nikitoa bei ya belo na usafiri naona faida ya laki tatu kamili. Iko wapi?

Matumizi mengine ni madogo madogo tu. Kijana wa kunadi nampa 8,000 kwa siku, ushuru 500, kodi ya kizimba 30,000 kwa mwezi, nauli yangu na chakula cha mchana kama 4,000 kwa siku, kupiga pasi 15,000 kwa belo. Nafanya kazi siku sita kwa wiki. Nyumbani natoa 10,000 kila siku ya kazi kwa ajili ya mboga na watoto, lakini hiyo siihesabu kwa sababu ni ya kula wanangu.

Kikoba chetu kinavunjwa Desemba. Hisa tunanunua 30,000 kila wiki, anatoa mume wangu kwenye bajaji, na mweka hazina anasema mgao wetu utafika 1,800,000. Ule mkopo wangu ni 600,000 kwa riba ya asilimia 10, narudisha Desemba hiyo hiyo. Januari mtoto wa kwanza anaingia kidato cha kwanza, na nimeambiwa niandae kama 450,000.

Shemeji yangu anafanya kazi ofisini Dar. Anasema mgao wote wa kikoba tununue hisa za benki, kwamba zimepanda sana miaka hii na pesa ikikaa inaoza. Mume wangu ameshakubali nusu. Wakati huo huo jirani yangu wa meza ya pili ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp la mradi unaotoa asilimia 30 kila mwezi, na yeye ameshalipwa mara mbili, nimeona ujumbe kwa macho yangu.

Naomba unisaidie. Hela yangu inakwenda wapi, na hiyo milioni 1.8 niipeleke wapi? Nasikia kila siku watu wanasema tengeneza bajeti. Mimi sina mshahara, bajeti ninaitengenezaje?

Mama wa belo, Mwanza


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikusifu kwa hizo hesabu. Wengi huniandikia "biashara haina baraka" na kuishia hapo. Wewe daftari unalo, isipokuwa limeandikwa upande mmoja: mauzo yana tarehe na tarakimu, matumizi yako kichwani na umeyaita madogo madogo. Hebu tuyaandike.

Wiki tatu ni siku 18 za kazi. Kijana wa kunadi kwa siku 18 amechukua 144,000. Ushuru 9,000. Kizimba kwa wiki tatu kama 22,000. Nauli na chakula chako 72,000. Pasi 15,000. Hayo madogo madogo jumla yake ni 262,000. Ile laki tatu uliyoiita faida ikitolewa hiyo inabaki 38,000. Narudia: belo zima la nguo, wiki tatu za kusimama juani, faida ni 38,000.

Sasa ongeza ile ambayo hukutaka kuihesabu. Elfu kumi ya nyumbani kwa siku 18 ni 180,000. Biashara imezalisha 38,000, wewe umetoa 180,000. Pengo ni 142,000, na pengo hilo halikutoka hewani, lilitoka kwenye hela ya belo linalofuata. Belo nne kwa 142,000 kila moja ni 568,000. Mtaji wa kaka ulikuwa 600,000. Hapo ndipo ulipokwenda, mama, wala hakuna mtu unayemjengea. Mmeula, kihalali kabisa, kwa dagaa, mchele, sabuni na madaftari ya shule.

Mwonyeshe mume wako aya hiyo leo usiku, watoto wakishalala. Na umwambie kwa upole kwamba anachokiona yeye akipita na bajaji ni mauzo. Mauzo ni hela yote inayopita mkononi mwako, ikiwemo ya mwenye belo Dar, ya kijana wa kunadi na ya halmashauri. Faida ni kile kinachobaki baada ya hao wote kuchukua chao. Yeye mwenyewe analijua hili vizuri kuliko watu wengi, maana kama bajaji si yake kuna hesabu ya bosi kila jioni, na hata kama ni yake kuna mafuta na tairi. Mwulize kama akibeba abiria wa 50,000 kwa siku anarudi nyumbani na 50,000.

Kuna kitu kuhusu biashara ya belo ambacho kinawaponza wengi, na nataka ukishike. Belo linarudisha mtaji kwanza, faida baadaye. Siku ya kufungua kamera zinaondoka kwa bei nzuri, mkoba unajaa, na moyo unakuambia leo tumepata. Lakini angalia namba zako: wiki ya kwanza nzima uliuza 520,000, wakati belo lilikufikia mezani kwa 540,000. Maana yake hadi Jumamosi ile ulikuwa hujarudisha hata bei ya mzigo. Kila shilingi ya wiki ya kwanza ni ya belo linalofuata. Faida yako, kama ipo, imejificha kwenye mafungu ya buku na jero mwishoni, pale ambapo wewe mwenyewe umeshachoka na unaona kama unauza takataka. Watu wa mitumba wanafilisika siku ya neema, si siku ya shida. Siku ya neema ndiyo ya kununua kuku na kulipia king'amuzi.

Kwa hiyo kuanzia belo hili la tano, hela ya wiki ya kwanza isilale kwenye laini unayotumia kununulia umeme. Iweke kwenye laini nyingine au akaunti ya benki isiyo na kadi mfukoni, mpaka ifike 540,000. Ikifika hapo, mtaji umepona. Kinachoingia baada ya hapo ndicho cha kulipia kijana, kizimba, na wewe. Najua utasema sasa wiki ya kwanza tutakula nini. Mtakula masalio ya belo lililopita, ndiyo maana belo la kwanza chini ya utaratibu huu litawauma. Ongea na mume wako: zile 30,000 anazopeleka kikoba kila wiki, kama katiba yenu inaruhusu kupunguza hisa, wiki tatu hizi zipungue na ziende kwenye sufuria. Mara moja tu.

Tupunguze na matumizi. Kijana wa kunadi ana kazi wiki ya kwanza, watu wamejaa na mikono yako haitoshi. Wiki ya tatu ananadi nini? Mafungu ya jero? Elfu nane kwa siku ili kuuza fungu la jero, hapana. Mpe wiki ya kwanza kwa heshima zote, akatafute meza nyingine wiki zinazofuata. Vijana hawa wamezoea kuzunguka hivyo, hatakununia.

Halafu hiyo wiki ya tatu yenyewe. Uliuza 110,000, na gharama za wiki moja kwako ni kama 87,000. Umebaki na 23,000 kwa siku sita. Jaribu hivi: wiki ya pili ikiisha, masalio yote yafunge uwauzie kwa jumla wale wanaopeleka minadani vijijini, Magu na Misungwi huko. Tuseme wakupe 70,000 badala ya 110,000. Unaona umepoteza 40,000, lakini umepata wiki. Mauzo ya wiki mbili yanakuwa 800,000. Toa belo na usafiri 540,000. Toa kijana wiki moja 48,000, ushuru 6,000, kizimba 15,000, nauli na chakula 48,000, pasi 15,000. Inabaki 128,000 kwa wiki mbili, mahali ulipokuwa unapata 38,000 kwa wiki tatu. Bei hukupandisha, mteja hukumwongeza, umeharakisha mzunguko tu. Wahindi wa maduka ya jumla hawana siri kubwa kuliko hiyo. Bila shaka belo halifanani na belo. Utakuja kupata moja ambalo ukilifungua unatamani kulia, masweta tupu mwezi wa kumi. Ndiyo maana sikwambii uzile zote 128,000.

Hapa ndipo bajeti ya mtu asiye na mshahara inapoanza: jilipe mshahara. Usichukue hela ya mezani kila ukiitwa na jambo. Chukua 8,000 kwa siku ya kazi, ambayo kwa wiki mbili ni 96,000, na uichukue kwa mkupuo mara moja kwa wiki, 48,000 kila Jumamosi. Hiyo ndiyo ya nyumbani. Ikiisha Alhamisi, mezani hakuguswi. Ni dagaa mpaka Jumamosi. Umepunguza kutoka 10,000 hadi 8,000, na hilo pengo la 2,000 kwa siku lizungumzeni wawili, maana sasa mume wako atajua kwamba biashara haikuwa inaficha hela bali ilikuwa inashindwa kubeba mzigo.

Inabaki 32,000 kwa belo, yaani 64,000 kwa mwezi wa belo mbili. Usiiite akiba bado. Kwenye barua yako yote sikuona neno TRA, Mamlaka ya Mapato. Kodi ya mfanyabiashara mdogo hapa kwetu inapigwa kwenye mauzo ya mwaka, haiangalii umebaki na kiasi gani, na mauzo yako ya 800,000 kila wiki mbili ni zaidi ya milioni 20 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu anakadiriwa tofauti na asiye nazo, kwa hiyo daftari lako liwe na kurasa za matumizi pia, na risiti ya belo usiitupe. Nenda kabla hawajaja. Sehemu kubwa ya hiyo 64,000 itakuwa ya kodi, na afadhali uijue leo kuliko kufungiwa kizimba.

Tuje kwenye milioni 1.8, ambayo mume wako na shemeji yako wameshaigawa kwa simu.

Si milioni 1.8. Mkopo wako na riba ni 660,000, na kikoba kitaikata kabla ya kukupa mgao. Inabaki 1,140,000. Kidato cha kwanza ni 450,000. Shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, lakini godoro, tranka, sare, viatu, ndoo na madaftari havikufutwa na waraka wowote. Inabaki 690,000. Na hiyo ni kama utaacha kutoboa mtaji kuanzia leo. Ukiendelea na ule mtindo wa zamani, kufikia Desemba belo litakuwa limeliwa tena na utachukua 540,000 humo humo kununua jingine, ubaki na 150,000 ya kununulia hisa za benki. Shemeji hakukosea kuhusu hisa peke yake, alikosea kuanzia kwenye kujumlisha.

Lakini hisa ni kitu halali na sitaki uziogope, kwa hiyo tuzizungumze. Soko la Hisa la Dar es Salaam lipo tangu 1998 likifanya biashara. Ukinunua hisa pale kupitia kwa dalali mwenye leseni, mara nyingi unainunua kwa mtu mwingine aliyekuwa nayo na ameamua kuuza. Hela yako inakwenda kwake, haiendi benki. Wewe unapata sehemu ndogo ya umiliki, unapata gawio benki ikipata faida na wanahisa wakikubaliana kugawana, na siku ukitaka hela yako lazima apatikane mtu wa kuinunua kwa bei ya siku hiyo. Bei ya siku hiyo ndiyo kitendawili.

Chukua mfano ambao shemeji hawezi kuukataa. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Katikati hapo zikapanda zikavuka 300. Mwaka 2019, miaka kumi baadaye, zilikuwa zimeshuka chini ya hiyo 150 ya mwanzo. Kufikia 2023 zilikuwa zimevuka 400. Sasa fikiria kina mama wawili walionunua siku moja kwa 150. Mmoja mtoto wake aliingia kidato cha kwanza Januari 2020, akauza mwishoni mwa 2019 ili anunue godoro. Mwingine hakuwa na shida yoyote, akasubiri. Wa kwanza anasema hisa ni wizi, wa pili anasema hisa zimemtoa. Benki ilikuwa moja. Tofauti yao ilikuwa ni lini walizihitaji hela zao.

Ndiyo maana naangalia kwanza hela hiyo ina kazi gani na lini. Hela ya belo inahitajika ndani ya wiki mbili. Hela ya godoro ina tarehe. Hela zenye tarehe haziingii kwenye hisa, hata mtu akuapie. Hela inayofaa hisa ni ile ambayo ukiisahau miaka mitano au zaidi hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.

Na hilo suala la pesa kuoza. Ni kweli bei zinapanda, na hela iliyolala inapungua nguvu. Lakini mfumuko wa bei Tanzania miaka hii umekuwa ukizunguka kwenye asilimia 3 hivi kwa mwaka. Kwa 690,000 hiyo ni kama 20,000 kwa mwaka mzima. Hisa inaweza kupungua zaidi ya hapo ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo hakuna moto. Una muda wa kufikiri.

Tena mwulize shemeji swali hili: hisa gani pale sokoni imewahi kumpa 128,000 kwa kila 540,000 ndani ya wiki mbili? Sikudanganyi, ndani ya hiyo 128,000 mna jasho lako, na ukijilipa mshahara inabaki ile 32,000 kabla ya kodi. Pia haikui upendavyo. Ukiweka belo mbili kwa wakati mmoja kwenye kizimba kile, wateja ni wale wale, utauza taratibu mara mbili. Meza yako ina kiwango cha hela inachoweza kumeza, na ikishashiba ndipo ziada itafute pa kwenda. Bado haijashiba. Ina deni.

Ushauri wangu kwa hiyo 690,000 ni huu. Laki nne ziwe akiba ya dharura. Januari na Februari ni miezi migumu mezani, kila mzazi amemaliza hela kwenye sare, na hapo ndipo watu hukimbilia mikopo ya kausha damu. Usiiweke ndani ya kabati. Ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ile iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Kwa hela ya dharura angalia Mfuko wa Ukwasi: unanunua vipande, hela yako inachanganywa na ya wengine na kuwekwa zaidi kwenye amana za benki na dhamana za serikali, na ukitaka kuitoa inakuja ndani ya siku chache za kazi. Hata kwenye simu unaweza. Haitakutajirisha, kazi yake ni kukaa tayari.

Inayobaki, 290,000, ndiyo isiyo na tarehe. Hapo mume wako na shemeji wapewe uwanja. Wakitaka hisa za benki, wanunue, lakini wasome kwanza taarifa ya fedha ya hiyo benki. Waangalie faida baada ya kodi na gawio kwa kila hisa, siyo mstari wa mapato. Nasema hivyo kwa sababu magazeti hupenda kuandika kampuni fulani imeingiza mabilioni, na msomaji anakimbia kununua. Hilo ni lile lile la mtu kupita na bajaji akakuta meza imejaa wateja. Kama hawana hamu ya kusoma taarifa, basi vipande vya Mfuko wa Umoja vinatosha, wapo watu wanaolipwa kusoma kwa niaba yenu. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali hela, ni nzuri pia, zinalipa riba mara mbili kwa mwaka, ila kule Benki Kuu zinaanzia milioni moja na nyingine zinaenda mpaka miaka 25. Hiyo ni habari ya mwakani, tukijaliwa.

Mwisho, huo mradi wa jirani. Mwaka 2021 serikali ilipoanza kuuza hati fungani ya miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Kwa mwaka. Jirani yako anaahidiwa karibu mara mbili yake kwa mwezi mmoja. Ukikaa na asilimia 30 kila mwezi bila kutoa, laki moja inakuwa zaidi ya milioni mbili na laki tatu ndani ya mwaka. Mtu mwenye biashara inayozalisha hivyo angetafuta laki yako kwenye WhatsApp ya wauza mitumba? Angekopa benki, akawalipa riba yao, akacheka. Kwamba jirani amelipwa mara mbili nakubali, nami sina sababu ya kumwita mwongo. Amelipwa kwa hela ya walioingia baada yake, na sasa wewe ndiye unayetakiwa kumlipa. Wenye umri wangu wanaikumbuka DECI, mradi wa upatu wa namna hiyo hiyo, watu walikuwa wakienda "kupanda" na "kuvuna" mpaka serikali ilipoisimamisha 2009, na hao pia walikuwa na ushahidi wa waliolipwa. Waombe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au ya Benki Kuu, kisha uhakikishe kwa mamlaka yenyewe. Watakutoa kwenye kundi kabla hujamaliza kuandika. Jirani mwambie atoe hela yake yote wiki hii, leo kama inawezekana, hata kama mtakosana kidogo.

Belo la tano limefika wapi? Kama bado uko wiki ya kwanza, hesabu kilichopo, uandike kwenye ukurasa mpya, na kijana wa kunadi umwage Jumamosi. Shemeji naye usimkatishe tamaa. Mwambie mpwa wake anaingia kidato cha kwanza, na kama anaziamini hizo hisa kiasi hicho, amnunulie chache kwa mshahara wake.